Alama ya Baada ya Saa Nne

Kazi ya Mama Sufuri ilikuwa kupima maji yasiyo na kitu na kuhakikisha kwamba kweli hayana kitu. Kwa kazi hiyo alilipwa mshahara, akapewa makoti meupe mawili kila mwaka, na akaheshimiwa kuliko watu waliokuwa wakipima vitu vilivyomo. Majirani wakimuuliza jioni leo umefanya nini, alijibu bila kutabasamu kwamba alitafuta, hakupata, na siku imekwenda vizuri. Walidhani anawatania. Hakuwa anamtania mtu.

Nieleze kidogo, maana wapo wanaosikia neno maabara wakaona moshi na chupa zinazochemka. Hii ilikuwa chumba kirefu cha vigae vyeupe, ghorofa ya pili, chenye kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo na mashine moja kubwa kama kabati la nguo. Ukiipa mashine ile tone la damu iliyochujwa, inakutajia kila kilichomo. Si sukari na chumvi tu: vitu elfu sita na ushee, vingi vyao havijapata hata jina, vinaitwa kwa namba kama wafungwa. Hospitali ya kawaida hutafuta kitu inachokijua. Hawa walikuwa wakitafuta wasichokijua, na mtu anayetafuta asichokijua, tusidanganyane, anaweza kukipata popote.

Ndiyo maana akawekwa Mama Sufuri. Katika kila fungu la vichupa vya damu aliingiza vichupa vya maji matupu, akavipitisha njia ile ile ya damu, chujio lile lile na friji lile lile. Kitakachoonekana kwenye maji hakikutoka kwa mgonjwa, kimetoka kwetu. Halafu mashine nayo huchoka kama mtu mwingine yeyote. Asubuhi inasoma vizuri, alasiri inaanza kusinzia. Kwa hiyo alichukua tone moja kutoka kila kichupa, cha mgonjwa na cha mzima, akayakoroga pamoja, na kila baada ya vichupa kumi akaipa mashine mchanganyiko huo huo. Mchanganyiko haujabadilika, kwa hiyo ukisomeka tofauti, aliyebadilika ni mashine. Na mwisho, vichupa vilipangwa foleni kwa kura, wagonjwa na wazima wamechanganyika, ili uchovu wa mashine usiangukie upande mmoja ukaitwa ugonjwa.

Jina la Mama Sufuri alipewa na wanafunzi, na hawakumpa kwa mapenzi. Alikuwa na miaka hamsini na saba, mwembamba, mwenye macho ya mtu anayehesabu chenji. Mlangoni alibandika tangazo aliloliandika kwa mkono wake: humu hamuingii manukato, losheni, mafuta ya nywele wala poda. Siku moja mkurugenzi alikuja na wageni, shingoni ananukia kama duka, na Mama Sufuri akamrudisha akanawe. Mkurugenzi alinawa. Wageni walisubiri kwenye korido wakitazama ile ndoo ya kiyoyozi.

Sasa twende kwenye ukoo wa mumewe, kwa sababu jambo lenyewe liko huko. Mumewe alikuwa fundi saa mstaafu, na dada yake alikuwa fundi cherehani mwenye chumba chake cha kushonea nyuma ya soko. Huyo ndiye wifi yake Mama Sufuri. Walikuwa wameitana wifi miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hawakukubaliana hata juu ya namna ya kukunja shuka, lakini mmoja akiumwa, mwingine ndiye aliyelala chini kando ya kitanda. Ukoo ule ulikuwa na ugonjwa wa figo. Mama yao alikufa nao, kaka yao mkubwa akafuata, na sasa ulikuwa umemfika wifi. Mara tatu kwa wiki alikwenda hospitali kusafishwa damu, saa nne nzima kitini. Mishipa ya mkono wa kushoto ilikuwa imeshaharibika, ukabaki wa kulia. Daktari wake, aliyekuwa mtu wa maneno machache, alisema hali ile inaweza kwenda mwaka, labda mwaka na nusu.

Binti ya wifi, mtoto wake wa pekee, alitaka kumpa mama yake figo moja. Alikuwa na miaka ishirini na sita na akili timamu. Hospitali ilimpima ikasema anafaa, hana dalili yoyote. Wifi alikataa. Alisema hata yeye akiwa na miaka ishirini na sita hakuwa na dalili yoyote. Alisema hawezi kuchukua figo ya mtoto leo, halafu baada ya miaka ishirini mtoto naye akaihitaji. Walimsihi, wakamletea daktari, wakamletea kaka yake. Fundi cherehani huyu alikuwa amezoea wateja wanaolia, na hakutikisika.

Ndipo ukaja utafiti wa Profesa. Huyu ndiye mkuu wa maabara, mtu mpole mwenye mwendo wa aliyeachwa na basi, ambaye kwa miaka ishirini hakuwahi kupata kitu ambacho mwingine hakukipata kwanza. Alitaka kujua kama damu ya wenye ugonjwa ule wa ukoo ina kitu ambacho damu nyingine haina, kitu kinachojitokeza mapema kabla figo hazijaharibika. Wakachukuliwa wagonjwa sitini, wifi akiwa mmoja wao, na watu sitini wasio na ugonjwa, ndio wazima, wa kulinganisha nao. Binti ya wifi alijiandikisha upande wa wazima.

Damu ya wagonjwa ilikuwa ya thamani. Mzima ukimwaga tone lake unamwita tena, unampa soda, mnaagana. Mgonjwa humwiti tena hivi hivi. Mwingine ukimwita atakuja mjane wake. Kwa hiyo Mama Sufuri aliamua kwamba vichupa vya wagonjwa ataviandaa mwenyewe, vyote sitini, kwa mikono yake, kumi kwa siku kwa siku sita. Vya wazima aliwaachia wanafunzi wawili, yule mrefu na yule mwenye miwani, akawasimamia kwa mbali kama polisi wa trafiki. Hakuna aliyepinga. Profesa aliandika hata kwenye ripoti kwamba sampuli adimu ziliandaliwa na mtaalamu mwandamizi. Ilisomeka vizuri sana.

Mashine ilipomaliza, mchanganyiko ulikuwa umesomeka sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho. Maji matupu yalikuwa matupu. Na katikati ya vile vitu elfu sita kilikuwepo kimoja, hakina jina, kilichoonekana kwa wagonjwa hamsini na wanane kati ya sitini, na kwa wazima watatu tu. Profesa aliketi kwenye ngazi. Hakwenda ofisini, aliketi pale pale kwenye ngazi na karatasi mapajani, na watu wakawa wanamruka. Tangu siku hiyo kitu kile kikaitwa Alama. Siku ya Alhamisi ya wiki iliyofuata angekwenda kuwasomea wakubwa matokeo, na kilichobaki ilikuwa saini ya Mama Sufuri kwenye fomu ya ubora.

Hapa ndipo Mama Sufuri alipovunja sheria kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake. Majina ya watu yalikuwa yamefungiwa, kila mtu ni namba, na haikuruhusiwa kumtafuta mtu wala kumwambia mtu. Alimtafuta. Binti ya wifi alikuwa namba themanini na saba, na hakuwa na Alama. Jioni ile alipita nyuma ya soko, akafunga mlango wa chumba cha kushonea, akamwambia wifi yake neno moja: hana. Wifi alimuuliza kama ana hakika. Mama Sufuri akamjibu kwamba katika maisha yake hajawahi kusema kitu kipo au hakipo bila kuwa na hakika, na hilo wifi alilijua kuliko mtu yeyote. Kesho yake wifi aliikubali figo. Upasuaji ukapangiwa wiki mbili mbele. Binti alinunua mabegi mawili ya hospitali yanayofanana, na fundi saa akaonekana akiimba bafuni, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu alipostaafu.

Saini haitiwi bila kukagua, hata kama umeshafurahi. Jumatatu asubuhi Mama Sufuri aliketi na rejista zake. Alikuwa na tabia moja ambayo hakuna fomu iliyoidai: alipenda kuvipanga vichupa kwa saa vilipoandaliwa mezani, si kwa zamu ya kuingia kwenye mashine. Wanafunzi waliiona ni uzee. Akaanza na wale wagonjwa wawili wasio na Alama. Wote wawili waliandaliwa siku moja, ya tatu, siku aliyomaliza usafi mapema akaanza na vichupa viwili kabla ya saa nne asubuhi. Siku nyingine zote saa za mwanzo zilikuwa za kufuta meza, kubandika lebo na kuandaa maji matupu. Damu iliguswa baada ya saa nne. Akaenda kwa wale wazima watatu wenye Alama. Waliandaliwa siku ambayo yule mwenye miwani alikuwa na mtihani. Kwenye safu ya mwandaaji, badala ya herufi za jina la mwanafunzi, zilikuwepo herufi zake yeye. Alimsaidia vichupa vitatu, alasiri.

Akafunga rejista. Ugonjwa haujui saa nne. Ugonjwa haujui nani ana mtihani.

Sasa inabidi niseme jambo ambalo sikulisema, na sikulisema kwa sababu na yeye hakumwambia mtu. Magoti yalikuwa yakimuuma. Miaka thelathini kusimama juu ya vigae si mchezo. Mwaka ule alikuwa ameanza kutumia mafuta ya kuchua, ya kopo la njano, na kila siku saa nne, wengine wakienda kunywa chai, yeye aliingia stoo, akavua glavu, akachua magoti yote mawili, akanawa mikono, akavaa glavu mpya, akarudi mezani. Mumewe tu ndiye aliyejua, kwa sababu pua yake ilikuwa nzima. Aliona aibu. Mwanamke aliyemrudisha mkurugenzi akanawe shingo hawezi kusikika akisema magoti yanamuuma. Na tangazo lake la mlangoni, alilisoma tena siku ile, halikutaja dawa za magoti.

Jumanne aliandaa maji matupu vichupa kumi. Vitano alivigusa kabla ya kopo la njano, vitano baada yake: kunawa, glavu mpya, kila kitu kama kawaida. Akavipa mashine. Vile vitano vya kwanza havikuwa na kitu. Vile vitano vya pili vilikuwa na Alama, tena nzuri, imesimama wima kwenye skrini. Kwa kipimo cha Profesa, yale maji yalikuwa na ugonjwa wa figo.

Glavu unazivaa kwa mikono, na mikono ndiyo inayozishika kwa nje. Sabuni haiyatoi mafuta yale. Ndiyo maana yanasifiwa kwenye matangazo ya biashara. Vichupa vya maji, vile vilivyotakiwa kumkamata, aliviandaa asubuhi na mapema akiwa msafi, kwa kufuata utaratibu alioutunga mwenyewe. Kura ilichanganya foleni ya mashine, lakini mikono haikupigiwa kura. Wagonjwa wote walipita kwenye mkono mmoja, na ulikuwa mkono wake, kwa sababu aliwapenda kuliko wale wengine. Aliyajua haya yote kwa mpigo mmoja. Akazima kompyuta. Akaiwasha tena kwa sababu alikuwa hajahifadhi.

Jioni alimwambia mumewe. Walikuwa mezani, sahani zimeshaondolewa. Alimweleza polepole, kwa maneno ya nyumbani: Alama ni mafuta ya magoti, kwa hiyo mtu kutokuwa na Alama hakumaanishi chochote, kwa hiyo hatujui kama binti anao ugonjwa au hana. Fundi saa alisikiliza kama anavyosikiliza saa mbovu, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Upasuaji ni Jumatatu ijayo," alisema. "Hospitali ilishasema mtoto anafaa. Wewe hujaombwa kusema kitu. Nyamaza siku sita. Baadaye sema upendavyo."

Mama Sufuri alimkumbusha kwamba wifi alikubali kwa neno lake yeye, si kwa neno la hospitali.

"Yule ni dada yangu," mumewe akasema.

"Na yule ni mpwa wako."

Hapo mazungumzo yaliisha. Fundi saa alikwenda kukaa barazani na hakuimba bafuni usiku ule. Nisimseme vibaya. Alikuwa amezika mama na kaka kwa ugonjwa ule ule, akaona mlango umefunguka, na mkewe anaufunga kwa mikono ile ile iliyoufungua. Mama Sufuri naye alifikiri kunyamaza. Alifikiri kwa dhati, akiosha vyombo, na alipomaliza akaviosha tena. Siku sita si nyingi. Hakuna mtu duniani angejua. Wifi angepona, binti angekuwa na figo moja, na labda mtoto yule ni mzima kabisa, labda hana lolote. Nusu kwa nusu, kama shilingi ikirushwa. Lakini neno hilo, labda, ndilo kitu alicholipwa miaka thelathini kukiondoa. Alitaka wifi yake aishi na hakutaka kumdanganya, na hakupata namna ya kuyafanya mambo hayo mawili yakubaliane.

Jumatano asubuhi alikwenda kwa Profesa na karatasi mbili: moja ya vichupa kwa saa, moja ya maji. Profesa alizitazama akiwa amesimama, halafu akiwa ameketi. Akauliza kama haiwezekani wagonjwa wanayo Alama ya kwao, na mafuta nayo yakawepo, vyote pamoja.

"Inawezekana," alisema Mama Sufuri. "Lakini maji niliyoyapima jana hayana figo."

Profesa hakucheka. Alipiga simu, akaahirisha Alhamisi, akasema maneno matatu manne ya kuomba radhi kwa watu wasiomwelewa, akakata. Akatazama dirishani. Halafu, kwa sauti ya kawaida kabisa, akasema kwamba angalau kasoro wameipata kabla ya kusoma matokeo hadharani. Wapo walioipata baada. Mama Sufuri akaona mtu amemvumilia, na hilo lilimuuma kuliko kufokewa. Akamwambia na lile la pili, la namba themanini na saba. Profesa alivua miwani. Alisema la magoti atalisamehe, kwa kuwa kila mtu ana magoti, lakini hili la kumtafuta mtu ataliandikia barua ya onyo. Mama Sufuri alikubali, akaomba nakala kwa ajili ya faili lake, kwa sababu faili lisilo na karatasi zote si faili.

Kwenye fomu ya ubora kulikuwa na mstari wa chanzo cha kasoro. Miaka yote watu waliujaza neno mashine. Yeye aliandika: mikono ya mwandaaji mkuu, baada ya saa nne. Akatia saini. Chini yake wakaandika pamoja utaratibu mpya: wagonjwa na wazima wachanganywe tangu mezani, mikono igawane vichupa kwa kura, maji matupu yaandaliwe mwanzo, katikati na mwisho wa siku. Vichupa vya wagonjwa vilikuwa vimekwisha vyote, hakikubaki hata kimoja cha akiba. Damu ingechukuliwa upya kwa kila mtu. Profesa alihesabu kwenye kalenda akapata miezi kumi na sita.

Alasiri ile Mama Sufuri alikwenda nyuma ya soko. Wifi alikuwa kwenye cherehani, amevaa tepu ya kupimia shingoni, anatia pindo la pazia refu ambalo lilijaa chumba kizima, hivi kwamba mgeni ilibidi akae juu ya ncha yake. Binti alikuwa kazini. Mama Sufuri alisema bila kuzunguka, kwa sababu alijua akizunguka hatafika. Alisema alimwambia hana, na neno lile halikuwa kweli. Hakusema ni uongo wa mashine. Akaeleza kopo la njano, stoo, glavu, maji. Wifi alishona hadi mwisho wa pindo, akakata uzi, ndipo akageuka.

"Kwa hiyo mwanangu anao au hana?"

"Hatujui."

"Juzi ulijua."

"Juzi nilikuwa nimekosea."

Wifi alitazama magoti ya Mama Sufuri, yale yaliyofunikwa na sketi, kwa muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu. Akauliza kama hospitali imesema lolote jipya. Hapana, haikusema. Akauliza kama Mama Sufuri asingekuja leo, nani mwingine angejua. Mama Sufuri akajibu: Profesa na kaka yako tu, na kaka yako alinitaka ninyamaze.

"Ungenyamaza, Jumatatu ningepata figo," alisema wifi.

"Ndiyo."

"Na ungekuja kunitazama wodini na maua."

"Ndiyo."

Mama Sufuri alianza kulia. Alilia vibaya, kwa kukoroma, kama watu wasio na mazoezi, akipangusa pua kwa nyuma ya kiganja huku akisema samahani, samahani wifi yangu, nilitaka sana iwe kweli, ndiyo maana sikuangalia kwanza. Wifi hakumbembeleza. Alimpa kipande cha kitambaa kutoka kwenye kapu la vipande, akachagua cha pamba, si kile cha nailoni. Akangoja. Mteja mmoja alichungulia mlangoni, akaona hali, akaondoka taratibu.

Halafu wifi akauliza itachukua muda gani kujua, kujua kweli safari hii. Mama Sufuri akasema miezi kumi na sita, kama hakuna kitakachoharibika, na kwamba mwisho wake wanaweza wasipate alama yoyote. Wote wawili walijua daktari alisema nini, mwaka, labda mwaka na nusu.

"Basi fanyeni haraka," alisema wifi.

Kulikuwa na jibu la huruma hapo, na jibu hilo lilikuwa ndiyo. Mama Sufuri alikunja kile kitambaa mara nne. Akasema haiwezekani. Akasema wagonjwa sitini wengine watangoja na wao, na watoto wao, na haraka ikiingia tena atarudi kwenye chumba hiki kusema neno jingine lisilo kweli.

Wifi alivua tepu shingoni, akaikunja kwenye vidole hadi ikawa duara dogo, akaliweka mezani.

"Basi msifanye haraka," alisema. "Lakini safari hii damu yangu usiiandae wewe peke yako."

Mama Sufuri alimwambia hilo limeshaandikwa. Wifi akatikisa kichwa kukubali, akasema binti atamkasirikia na acha akasirike. Akachukua simu, akapiga hospitali, akafuta miadi ya Jumatatu kwa sauti ile ile anayotumia kuwaambia wateja kwamba nguo yao haijawa tayari. Alipomaliza alipandisha mkono wa blauzi, ule wa kulia, uliobaki na mishipa mizima, akauweka juu ya pazia, akamuuliza wifi yake kesho aje kutoa damu upya saa ngapi.